Tanuri Lisilojua Kibiriti

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki, maana nilichonacho sikurithi kwa baba wala sikugaiwa na mtu. Nilitoka kijijini Makangale, Pemba, na suruali moja na darasa la nne lisilokwisha, nikabeba magunia ya unga bandarini Wete mpaka shingo ikazama mabegani. Leo ukisimama Madungu, mjini Chake, ukamuuliza mtoto yeyote tanuri la boflo, mkate wetu wa kuchoma, liko wapi, atakuonesha langu. La mtu mwengine hatakuonesha.

Nililelewa katika miaka ya foleni. Wenye umri wangu wanajua nasema nini. Unga ukija na meli kisiwa kizima kinajua, na usipokuja kisiwa kizima kinajua pia. Mama alinituma alfajiri nikaweke jiwe letu kwenye mstari wa duka la kijiji, kila nyumba na jiwe lake, na sisi watoto tukakaa pembeni kulinda mawe. Siku nyingi nilirudi na jiwe, mkate haukuja. Hapo ndipo nilipoapa kwamba nikiwa mtu mzima nitakaa upande wa pili wa lile dirisha la duka, na dirisha langu halitafungwa hata siku moja.

Kwa hiyo nilipojenga kiwanda changu cha mikate nilijenga kama mtu anayengojea kuzingirwa. Unga nilipanga wa mwezi mzima, juu ya chaga za mbao, panya asiufikie wala maji yasiuguse. Umeme wa Pemba siku zile ulikuwa wa majenereta, leo upo kesho haupo; mimi nilinunua jenereta langu, kisha nikanunua la pili la kulisitiri la kwanza. Nilijenga tangi la maji refu kuliko mnazi mchanga. Gari nilikuwa nalo, kirikuu kikuukuu lakini kizima, na tangi lake la mafuta halikuruhusiwa kushuka nusu. Hilo lilikuwa gari la dharura. Funguo zake zilining'inia msumarini karibu na mlango, ili dharura ikija isihangaike kuzitafuta. Siku niliyomuoza binti yangu nilikodi gari la watu na langu likabaki pale pale.

Tanuri lenyewe ni la matofali na udongo, linakula kuni. Nililiwasha siku ya kwanza kwa njiti moja ya kibiriti, na njiti hiyo ilikuwa ya mwisho. Kila usiku makaa yalifunikwa jivu, kila alfajiri yakafukuliwa yangali mekundu, kuni zikawekwa juu. Mvua ilinyesha, umeme ulikatika, unga uliadimika mjini, tanuri likawaka. Nilimtafuta mchoraji akaniandikia ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani: TANURI HILI HALIJUI KIBIRITI.

Wafanyakazi wangu wote niliwatoa kwetu Makangale. Wakandaji, wakataji, wapakizi, dereva, wote. Mtu wa kwenu hakuibii hamira, na akikuibia unajua mlango wa mama yake. Fundi wa tanuri alikuwa mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mtu mpole, mwenye kutii neno kama lilivyotamkwa. Mimi aliniita mdogo wangu mbele ya wote, na mimi nilimwachia, kwa sababu hakuna aliyejua moto kama yeye.

Nilijua vilevile kwamba vitu peke yake havitoshi, watu nao wafundishwe. Wilaya iliwahi kutuita wenye viwanda na maduka makubwa kwenye semina ya maafa. Wenzangu walikwenda kula biriani. Mimi nilikwenda kusikiliza. Mwalimu alikuwa bibi mmoja wa Unguja, kijana, miwani puani, akatuuliza kila mmoja nini kitamsimamishia kazi. Huyu akasema moto, yule akasema mwizi. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikamwambia, mwalimu, mimi hakuna cha kunisimamisha, na nikamweleza unga, tangi, majenereta na gari.

Akaniuliza, "Na wafanyakazi wako, mzee, wakiumwa wote siku moja?"

"Watu wa Makangale hawaumwi," nikamwambia.

Watu wakacheka, naye akacheka. Mwisho wa semina tulipewa filimbi moja moja. Wengine filimbi zao zilikwenda kuchezewa na watoto. Yangu niliirudisha kiwandani, nikamvisha shingoni fundi wa tanuri, nikatunga sheria. Likitokea jambo la kusimamisha kazi, fundi ataipuliza mara tatu. Hapo kila mtu aache alichoshika. Wakandaji wafunike unga kwa maturubali. Dereva akimbilie funguo. Fundi amwage ndoo mbili za mchanga juu ya makaa, afunge mlango wa chuma wa tanuri, kisha wote tukutane uani mbele ya tangi, mstari mmoja, bila kelele. Tulifanya mazoezi mpaka majirani wakawa wanapanda ukutani kutazama. Ila katika mazoezi fundi alimwaga ndoo tupu, maana sikuwa tayari kuuzima moto wangu kwa ajili ya maigizo.

Sasa nieleze tenda. Kulikuwa na dakhalia mjini, bweni la wanafunzi, vijana wengi, na mkate wao kwa miaka ulitoka kwa mzee mmoja wa Micheweni mwenye tanuri mtaa wa chini yangu, njia ya kuteremkia sokoni. Tanuri lake lilikuwa dogo. Wafanyakazi wake walikuwa mchanganyiko kama achari: mmoja wa Mkoani, mmoja wa Wete, mmoja babu yake alikuja kutoka bara zamani kufanya kazi mashambani, mwengine sijui alitoka wapi. Nilikuwa nikimtania kwamba kwake wakisalimiana asubuhi inabidi mkalimani. Tenda ile niliitaka. Nikapunguza bei kidogo, nikaeleza habari za majenereta yangu, bwana msimamizi wa chakula akanipa, kwanza kwa mwezi wa Ramadhani.

"Vijana wamefunga," aliniambia. "Adhana ya magharibi ikilia mkate uko mezani. Siku moja usipokuwapo, usiniletee wa kesho yake."

"Andika uwe wa miaka kumi," nikamjibu. Na kwa kuiamini tenda ile nilikuwa nimeshatoa arubuni ya mashine mpya ya kukandia. Nikiikosa tenda, mashine inakwenda na arubuni inakwenda nayo, na mji mzima utajua kwamba dirisha langu lilifungwa.

Siku zile za mwanzo zilikwenda vizuri mpaka nikaanza kunenepa ndani ya saumu. Kisha asubuhi moja, unga umeshakandwa tangu baada ya sala ya alfajiri na umelala mahodhini unaanza kuumuka, mimi nimekaa ofisini navua kiatu kimoja kutoa kijiwe, filimbi ikalia. Mara tatu.

Nikatoka mbio na kiatu mkononi. Uani mstari ulikuwa umeshapangwa mbele ya tangi, mmoja nyuma ya mwenzake, kimya. Nikatazama paa, hakuna moshi. Nikanusa, hakuna harufu.

"Moto uko wapi?" nikamuuliza fundi.

"Hakuna moto, mdogo wangu. Mkunga katutangulia. Wamepiga simu sasa hivi kutoka kwetu. Maziko baada ya adhuhuri."

Niseme nani huyo mkunga. Kabla zahanati haijafika kwetu, na hata ilipofika, mikono ya kwanza kumshika mtu wa Makangale ilikuwa mikono ya yule bibi. Kila aliyesimama kwenye mstari ule alipokewa naye. Fundi alipokewa naye. Dereva wangu alizaliwa ametanguliza miguu, na kila sikukuu bibi alimkumbusha, "Weye ulikuja unashuka ngazi, ndiyo maana ukawa mtu wa safari." Na mimi, kwa maelezo ya mama, nilianza kulia kabla mwili haujatoka wote, na mkunga akasema, huyu atasumbua watu. Hakuchukua malipo kwa mtu. Alikuwa akisema, mimi nimewapokea, nanyi mtanisindikiza. Tulilichukulia kama mzaha wa kizee, lakini kwetu neno kama hilo ni deni, na siku yake ilikuwa imefika.

Haya nayajua leo nikiwa nimekaa. Asubuhi ile nilikuwa na kiatu mkononi na mahodhi yamejaa unga.

"Atakayebaki," nikasema kwa sauti ya mwenye kiwanda, "leo ujira wake mara mbili. Atakayeondoka asirudi."

Kisha mkandaji mmoja, mtoto wa dada yangu, akasema kwa adabu, "Mjomba, tukirudi tutaukuta mlango umefungwa?"

"Mtaukuta umefungwa."

"Basi tutapiga hodi."

Wakavua aproni zao, wakazikunja, wakaziweka juu ya ukuta wa tangi. Dereva alikuwa ameshatoa funguo msumarini. Gari lilikuwa limejaa mafuta, kama nilivyoamuru. Wakapanda nyuma kwa utaratibu, wazee kwanza, na mke wangu, ambaye habari zilimfika kabla yangu, alikuwa ameshakaa mbele na kanga zake. Akanitazama kupitia dirishani.

"Weye huji?"

"Nani atachoma mkate?"

"Nimekuuliza huji," akasema, na gari likaondoka.

Kiwanda kilikuwa kitupu kabla sijavaa kiatu. Katika mazoezi yetu yote hatukupata kuwa wepesi namna ile.

Sikukaa nikalia. Mimi si mtu wa kukaa. Nikakunja mikono ya shati, nikafunua hodhi la kwanza, nikaanza kukata madonge na kuyafinyanga. Nilikuwa na haraka hata sikufungua mlango wa tanuri. Matofali yalikuwa ya moto nikipita karibu nayo, na hilo lilinitosha. Nilifinyanga mpaka jasho likanitiririka machoni, nikageuka kutazama nilichofanya. Chano kimoja. Nyuma yangu mahodhi yalikuwa yanapanda taratibu, maturubali yanainuka kama matumbo ya watu waliolala. Unga uliokwisha kukandwa haujui msiba. Utaumuka, utafika kilele, utaanguka uchachuke, na jioni kutakuwa na vijana mezani wanatazama sahani. Kazi ile ilitaka watu wanane waliozoeana, nami nilikuwa peke yangu. Majirani? Majirani wanajua kupika chapati. Vibarua wa sokoni? Wangeniharibia kila kitu kwa ukarimu mkubwa.

Nikanawa mikono nikateremka mtaa wa chini.

Mzee wa Micheweni alikuwa amekaa kizingitini kwake, tasbihi mkononi. Ndani nilisikia watu wake wanapiga unga mezani na kubishana, huyu kwa lafudhi hii, yule kwa ile.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, tajiri. Leo umeteremka kwa miguu. Gari la dharura limepata dharura?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anasogeza tasbihi, na nilipomtaja marehemu akasema innalillahi.

"Wamekwenda wote?" akauliza.

"Wote."

"Wote wa Makangale."

"Ndiyo, mzee."

"Mwezi uliopita nilifiwa na kaka yangu Micheweni," akasema. "Nilifunga mlango wa chumba changu nikaenda. Hawa walibaki wakachoma mkate, maana kaka yangu hawakumjua. Na akifiwa yule wa Mkoani, anakwenda yeye, siye tunabaki. Hata mkalimani tunaweza kumkosa siku moja na kazi ikaenda."

Neno langu lilikuwa limemfika, na limekaa siku nyingi likingoja kurudishwa. Nikalipokea. Mwenye shida hachagui.

"Naomba watu wanne," nikasema. "Nitawalipa, na wewe nitakulipa. Taja."

"Watu wa kuchoma mkate wa dakhalia." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Ule uliokuwa wangu."

"Ndiyo."

"Nikikaa hapa hapa kizingitini nisifanye kitu, kesho bwana yule atateremka mwenyewe kunitafuta."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako na sikwenda kwa mwengine. Wewe unajua mkate ule unatakiwa saa ngapi."

Alifikiri mpaka nikadhani ameanza upya uradi wake. "Watoto wale wamefunga," akasema mwisho. "Hawajui nani kakanda. Nitakupa watu na nitakuja mwenyewe. Lakini kwa sharti."

"Taja."

"Weye nenda kazike."

Nikamwambia haiwezekani. Nani atasimamia? Nani atawaonesha hamira, chumvi, kuni? Na moyoni niliongeza, nani atamlinda huyu mzee asiupekue mkate wangu, maana natia tui la nazi kwa kipimo ambacho sijamwambia hata mke wangu.

"Unga umeshakandwa," akasema. "Sina haja na siri zako. Lakini sitafanya kazi bega kwa bega na mtu ambaye aliyempokea duniani anafukiwa, naye yupo hapa anahesabu boflo. Watu wangu watajifunza nini? Lete ufunguo. Vespa yangu ile pale. Mafuta haina, utatia katika pipa lako, nasikia unalo."

Nimewahi kunyanyua magunia mawili kwa pamoja mbele ya mashahidi. Ufunguo ule ulikuwa mzito zaidi. Niliutoa mfukoni, nikaushika, nikampa.

Nilipanda vespa nikaelekea kaskazini, saumu kooni, vumbi usoni. Wete nilipita bila kusalimia mtu, na mimi Wete nina watu. Konde nilisimama kuuliza kama maiti imeshatolewa, nikaambiwa bado, nikaendelea. Ndani ya msitu wa Ngezi kuna baridi hata mchana, na pale, peke yangu na mlio wa ile vespa ya watu, ndipo nilipomkumbuka yule bibi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mara ya mwisho nilimwona sikukuu iliyopita, nikampelekea mkate. Aliupima kwa kiganja kama anayepima mtoto. "Mwepesi," akasema. "Unawalisha watu upepo." Nilimkasirikia siku mbili.

Nilifika wanatoka msikitini. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Nafasi ilifunguka chini ya jeneza, nikatia bega. Mbele yangu dereva, nyuma yangu mpwa wangu, wote niliowafukuza kazi asubuhi, na tukaenda hatua moja kama tulivyofunzana.

Kaburini kila mtu alikuwa anatupa konzi zake tatu za udongo. Nilitupa ya kwanza. Nikainama kuchota ya pili, fundi wa tanuri akainama pamoja nami.

"Nimefurahi umekuja," akaninong'oneza. "Usiwe na wasiwasi na tanuri. Mchanga nimemwaga."

"Mchanga gani?"

"Wa ndoo. Zote mbili, na hazikuwa tupu. Mlango nikafunga. Kama ulivyotufundisha."

Nilitupa konzi ya pili bila kujua imeangukia wapi. Hakuna aliyekosea. Nilimfundisha mwenyewe, nikampa ndoo mwenyewe, nikampigia makofi mbele ya majirani. Moto ambao haukuzimwa na mvua wala shida, nilikuwa nimeuzima kwa sheria yangu, na sasa mzee wa Micheweni amesimama mbele ya shimo la mchanga akidhani ni makaa. Tanuri kubwa kama langu likipoa halirudishwi kwa kupepea. Simu Makangale siku zile ilishika juu ya kichuguu kimoja nyuma ya msikiti, na hata ningepanda huko nimpigie nani? Yule mzee hakuwa na simu. Alisema anayemtaka anajua alipo.

Ningeweza kuondoka. Vespa ilikuwa pale, mafuta yapo. Nilitazama jua, nikatazama kaburi. Konzi ya tatu ilikuwa bado mkononi, nimeibana mpaka inatoka vidoleni. Nikajiambia, mimi kama ni mtu wa kushinda nitashinda, na kama ni kushindwa, nitashindwa nikiwa nimesimama hapa. Alinipokea nikipiga kelele. Namsindikiza nimenyamaza. Nikaitupa, nikajipanga, nikabaki mpaka talakini ikasomwa na dua ikakamilika na wazee wakageuka.

Hapo tena sikumsubiri mtu. Vespa tuliipakia nyuma ya gari, watu wangu wakaizunguka, dereva akaondoka kama aliyezaliwa ametanguliza kichwa. Fundi alikuwa ameshaambiwa na wenzake alichokifanya. Alikaa kwenye pembe ya gari amejishika kichwa.

"Mdogo wangu, ulisema nimwage," akaniambia tulipofika Konde.

"Nilisema."

"Ningelijua ni mchezo tu..."

"Haukuwa mchezo. Ulifanya sawa. Nyamaza."

Hilo lilikuwa kweli, na kulisema kulinigharimu. Tukafika Chake. Jua lilikuwa limeshainama. Tulipoukabili mlima wa Madungu wote tulisimama garini tukishikana mabega, tukitafuta paa la kiwanda. Moshi ulikuwapo. Ulikuwa mwingi, mweusi, mchafu, si moshi wangu. Nikamwambia dereva asigeuke kiwandani, aende moja kwa moja dakhalia. Kama ni aibu nilitaka kuikuta mlangoni kwake.

Vijana walikuwa wameshakaa. Uji ulikuwa mezani na mvuke wake. Na katikati ya kila meza palikuwa na mkate, umekatwa, mrefu na mwembamba, kwa mtindo wa Micheweni, chini umeungua kidogo. Bwana msimamizi alikuwa mlangoni anatazama saa.

"Leo umekaribia kunitia presha," akasema. "Mkate umefika sasa hivi tu. Na kwa nini mrefu?"

"Tunajaribu umbo jipya," nikamjibu. Adhana ikalia, nikapewa tende, nikafungua saumu yangu mlangoni mwa dakhalia nimesimama, watu wangu wote nyuma yangu na udongo wa kaburi kwenye kanzu zao.

Asubuhi yake watu wa Makangale walikuja wakapiga hodi, kama walivyoahidi. Niliwafungulia. Hatukuzungumza habari ya kufukuzana. Kisha nikachukua bahasha nikateremka mtaa wa chini, na safari hii nilimkuta yule mzee mkono wake mmoja umefungwa kitambaa, umeungua.

Akanisimulia. Walipofungua mlango wa tanuri walikuta mchanga, wakadhani nimewafanyia tashtiti. Yule mjukuu wa watu wa bara ndiye aliyeingiza koleo akaanza kuutoa, wengine wakakimbilia vifuu na makumbi makavu ya nazi, ambayo huwaka kwa hasira, na hapo ndipo ulipotoka ule moshi. Wakati langu linapata moto, nusu ya unga waliupandisha vyanoni, wakateremka nao kichwani barabarani mpaka tanuri lake dogo. Mji mzima uliwaona. Mji mzima ulijua.

Nikamnyooshea bahasha. Hakuitazama.

"Maziko hayana ujira," akasema.

"Basi watu wako."

"Watu wangu walikuwa mazikoni kama ulivyokuwa weye. Wao walizika kwa koleo."

Nikairudisha bahasha mfukoni. Mimi si mtu wa kubembeleza, na deni lisilopokelewa ni zito, kwa hiyo nikamtolea jambo jengine nililolifikiri tangu Ngezi. Nusu ya watu wangu waende kwake, nusu ya wake waje kwangu. Akifiwa mtu wa Makangale, matanuri yote mawili yabaki na watu. Akifiwa wa Micheweni, vilevile. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na mkalimani?"

"Nitamlipa mimi."

Tulipeana mikono pale kizingitini. Mpango ule upo mpaka leo, na viwanda vikubwa kuliko vyetu vinakuja kuuliza tumeupata wapi, nami nawaeleza kwamba niliubuni mwenyewe, na ni kweli. Tenda ya dakhalia tunaigawana, mwezi wangu na mwezi wake. Mashine mpya ilikuja, inafanya kazi. Filimbi ipo shingoni mwa fundi, na ndoo za mchanga zipo, ila sasa kuna sheria ya pili, kwamba kabla ya kumwaga mtu aulize kuna moto gani.

Nilipokuwa nageuka kuondoka siku ile, mzee aliniita.

"Kipo kitu kimoja nakudai, lakini. Hicho si cha maziko, nilikinunua dukani."

"Kitu gani?"

"Kiwandani kwako tulitafuta kila mahali, juu na chini, tukakosa. Unga unao wa mwezi, maji unayo, majenereta mawili. Hicho huna."

Nilijua kabla hajakitamka. Aliutazama ukuta wangu kule juu, herufi nyekundu zinasomeka vizuri kutoka pale alipokaa. Nilitia mkono mfukoni nikamlipa, sarafu moja, akaitia chini ya tasbihi yake. Kibiriti kimoja, shilingi hamsini.